Nimeinua mlango wa ekzosi wa injini ya nitro ya 3.5 cc, sasa inakimbia juu lakini haivuti chini: kosa liko wapi?

#1 TupaLaini (mleta mada, Dar es Salaam)

Habari zenu wanajamvi. Naomba nilieleze tatizo langu kwa utaratibu ili atakayejibu asilazimike kubahatisha.

Gari langu la rimoti ni la kipimo cha 1/8, la kukimbia kwenye vumbi, na injini yake ni ya nitro ya sentimita za ujazo 3.5, ile tunayoiita ishirini na moja kwa kufuata hesabu ya inchi za ujazo. Kabla sijaigusa ilikuwa inaondoka bila kusita, inakaa kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini gari likiwa limesimama, dakika nzima bila kuzima, na kichwa chake hakikuwahi kupita nyuzi joto 115 za Selsiasi. Nilitaka kasi zaidi mwishoni mwa uwanja, basi nikafanya mambo matatu kwa mkupuo. Niliinua ukingo wa juu wa mlango wa kutolea moshi kwenye slivu (ganda ambamo pistoni hupanda na kushuka) kwa milimita 0.5. Nikapanua dirisha la krenki, lile la kuingizia mchanganyiko, upande ule unaochelewa kufunga, kwa kiasi nilichokadiria kwa macho. Kisha nikatoa shimu (washa nyembamba ya kuinua kichwa) ya milimita 0.2 chini ya kichwa ili kufidia mgandamizo nilioupoteza kwa kuinua mlango. Bomba, gia na klachi ni vilevile, na mafuta ni yaleyale ya methanoli yenye nitromethini asilimia 25.

Sasa injini inalia vizuri sana ikishafika juu, lakini kutoka kusimama inabubujika kama inayozama, sailensa inapanda yenyewe kisha inazima, na joto limefika nyuzi 135. Mimi nashikilia kwamba mlango hauna hatia, na kwamba shimu niliyoitoa ndiyo iliyoharibu kila kitu. Je, niko sahihi?

#2 KaburetaSafi (Mwanza)

Mkuu, kabla ya kulaumu shimu au mlango, tazama hewa. Sailensa inayopanda yenyewe kisha kuzima ni dalili ya kwanza kabisa ya hewa inayoingia pasipostahili, na wewe umeifungua injini yote na kuifunga upya. Sehemu mbili ndizo hukosa kuziba baada ya kazi kama hiyo: shingo ya kabureta inapoingia kwenye kasha, na kifuniko cha nyuma. Hewa ikipenya hapo, mchanganyiko unakuwa mkavu kwenye mizunguko ya chini, injini inapata joto, na hakuna sindano ya kabureta utakayoizungusha ikakusaidia, kwa sababu hewa hiyo haipiti kwenye sindano.

Ziba kabureta, ziba ekzosi, ingiza mpira mwembamba kwenye tundu la plagi, tumbukiza kasha kwenye ndoo ya maji na upulize taratibu kwa mdomo. Viputo vichache kutoka kwenye beringi ya mbele visikutishe, maana pale hakuna sili na kila injini hupumua kidogo. Viputo vikitoka nyuma au shingoni, umeshapata jibu lako. Ukimaliza, ikaushe na uipake mafuta siku hiyohiyo, kwa sababu beringi hizi hushika kutu upesi.

#3 Digrii360 (Dodoma)

Nimesoma #1 mara mbili na nina hesabu ya kuweka mezani, kwa sababu milimita peke yake haisemi kitu mpaka uigeuze kuwa digrii za mzunguko wa krenki.

Injini nyingi za 3.5 zina kipenyo cha takriban milimita 16.27 na safari ya pistoni ya 16.8. Ukichukulia konrodi ya milimita 30 na mlango uliokuwa ukifunguka digrii 95 baada ya pistoni kuwa juu kabisa, pale mlangoni pistoni hutembea kama milimita 0.14 kwa kila digrii. Kwa hiyo milimita 0.5 ulizoondoa ni digrii tatu na nusu wakati wa kufungua na nyingine tatu na nusu wakati wa kufunga. Muda wote wa mlango umetoka digrii 170 na kufika 177. Hicho ni kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja. Fundi mwangalifu angeondoa sehemu ya kumi ya milimita, akafunga, akakimbiza gari, kisha ndipo akaamua kama aendelee.

Madhara yake ni kwamba pistoni inaanza kubana ikiwa imechelewa. Zamani ilikuwa na milimita 10.3 za kubania baada ya mlango kufungwa, na sasa ina 9.8. Karibu asilimia tano ya mchanganyiko uliokuwa ukinaswa kwenye mizunguko ya chini unarudi kwenye ekzosi. Mlango hauna hatia, unasema? Mimi naona ndio mshitakiwa wa kwanza.

#4 MzeeWaMashua (Unguja)

Wanangu, mimi sina gari la rimoti, ila mjukuu wangu analo, na kwa miaka mingi nimefungua mashine za boti za mipigo miwili kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Kanuni ni ileile, iwe mashine ya farasi 40 au hiki kidude kinachotoshea kiganjani.

Kila mtu anautazama mlango wa ekzosi kwa sababu ndio unaoonekana. Mimi namuuliza kijana wa #1 kuhusu lile dirisha la krenki alilolipanua kwa macho. Kwenye injini hizi mchanganyiko unaingia kupitia tundu lililo ndani ya krenki yenyewe, na dirisha lake linapaswa kufungwa muda mfupi baada ya pistoni kuanza kushuka. Ukiupanua upande unaochelewa kufunga, pistoni inashuka huku dirisha bado liko wazi, na mchanganyiko uliokwisha kuingia unarudishwa nje kupitia kabureta. Juu kabisa hilo halikusumbui, kwa sababu mkondo una kasi na msukumo wake, hivyo unaendelea kuingia hata pistoni ikishuka. Chini mkondo ni mlegevu, kwa hiyo unatemwa. Mchanganyiko ukitemwa hupita kwenye pua ya kabureta mara mbili au tatu na kubeba mafuta kila mara, na hapo huwezi tena kujua kama injini imezidiwa mafuta au hewa.

Fungua chujio lako la hewa. Likiwa limelowa upande wa ndani, usitafute mchawi kwingine.

#5 TupaLaini

Nawashukuru nyote. Mzee #4, shikamoo. Nimefungua chujio na ni kweli limelowa upande wa ndani, mafuta yanachuruzika hasa. KaburetaSafi, nimefanya jaribio la ndoo: viputo vichache mbele, na nyuma kimoja kimoja kwenye skrubu ya chini ya kifuniko. Nimeisafisha na kuipaka silikoni inayostahimili joto, lakini sijaikimbiza bado.

Digrii360, hesabu yako imenitisha, lakini naomba unijibu jambo moja. Kama mlango umenipunguzia mgandamizo, mbona injini inachemka zaidi?

#6 Digrii360 (Dodoma)

Swali zuri, na linanilazimu kujirekebisha, kwa sababu kwenye #3 niliutazama mlango peke yake nikaisahau shimu.

Tuchukulie chumba cha juu kilikuwa na sentimita za ujazo 0.32. Ukihesabu kuanzia mlango unapofungwa, uwiano wa mgandamizo ulikuwa kama 7.7 kwa 1. Shimu ya milimita 0.2 kwenye silinda ya kipenyo hiki ni sawa na sentimita za ujazo 0.04, kwa hiyo chumba kimebaki na 0.28. Ukiweka pamoja mlango ulioinuka na shimu iliyotoka, unapata kama 8.3 kwa 1. Hukufidia mgandamizo tu, bali umeuzidisha.

Jambo hili lina uzito kwa sababu injini hizi hazina cheche inayopigwa kwa wakati uliopangwa. Plagi ya aina hii, ambayo Ray Arden aliingiza sokoni Marekani mnamo 1947, ina waya wa platinamu ambao hubaki ukiwaka kwa sababu methanoli humenyuka inapougusa. Hakuna betri wala sumaku inayoamua wakati wa kuwaka. Wakati huo unaamuliwa na mgandamizo, joto la kichwa, aina ya plagi na kiasi cha nitromethini. Ukiongeza mgandamizo umeuharakisha moto, na ukiwa na asilimia 25 ya nitro umeuharakisha maradufu, kwa hiyo moto unawahi wakati pistoni bado inapanda. Hapo ndipo joto linapotoka. Basi mleta mada ana haki nusu: shimu imehusika na joto. Kwamba imehusika na ulegevu wa chini, hilo silikubali.

#7 GiaNdogo (Nairobi)

Salaam kutoka huku milimani. Naheshimu hesabu zote zilizotangulia, lakini zinamwacha mtu akidhani injini imeharibika, kumbe huenda imehama tu.

Mleta mada amesema wazi kwamba bomba, gia na klachi ni vya zamani. Bomba lenye tumbo hufanya kazi kwa mawimbi: mgandamizo unaotoka mlangoni husafiri hadi koni ya nyuma, unagonga, unarudi, na kuusukuma ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka sekunde hiyohiyo mlango unapokaribia kufungwa. Ukichukulia kasi ya mita 518 kwa sekunde ndani ya moshi wa moto, urefu wa bomba kwa milimita ni digrii za mlango zikizidishwa kwa 43,000, kisha zikagawanywa kwa mizunguko ya dakika. Bomba la milimita 240 kwa mlango wa digrii 170 linapatana na mizunguko kama 30,500. Kwa digrii 177 linapatana na 31,700. Nguvu imepanda juu, na chini yake kumebaki shimo. Klachi yenye springi laini inashika mapema, katikati ya shimo hilo, na kila mtu anasema injini haivuti. Weka springi ngumu zaidi ili klachi ichelewe kushika, punguza jino moja kwenye gia ya klachi, kisha urudi kutuambia.

Huku kwetu nililijifunza hili kwa njia nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam. Nilinunua injini iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya Mombasa ikanichosha wiki nzima: ilikuwa nzito kwa mafuta, haichangamki. Nilifunga sindano ya juu kidogo kidogo na kutoa shimu moja ya milimita 0.1, ikazinduka. Kwa hiyo wakuu, kutoa shimu si dhambi popote. Inategemea hewa unayoivuta.

#8 KaburetaSafi (Mwanza)

GiaNdogo, hesabu ya bomba naikubali, ila tazama ulichokiandika mwenyewe: tofauti ya mizunguko ni 1,200 tu. Injini iliyokuwa ikivuta vizuri haiwezi kuzama kwa sababu kilele chake kimesogea kwa asilimia nne. Na bado hujasema kitu kuhusu sailensa inayopanda yenyewe, ambayo haina uhusiano wowote na gia. Ile skrubu ya chini iliyotoa kiputo inanitosha.

#9 MwanaMaskati (Maskati, Oman)

Assalaam alaykum. Nimesubiri mtu aulize kuhusu umri wa mafuta na hakuna aliyeuliza. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa. Chupa iliyofunguliwa na kukaa miezi mitatu kwenye joto la pwani si mafuta yaleyale uliyoyanunua, hata kama rangi haijabadilika. Maji ndani ya mafuta huleta sailensa isiyotulia na huchosha plagi, na mtu atafungua injini mara kumi bila kuona kitu. Huku kiangazi hupita nyuzi joto 40, nami nimeona mara tatu vijana wakisaga milango ya injini ambazo kosa lao lilikuwa chupa.

Na kwa sababu uzi huu unasomwa na wanaoanza, niseme hili bila kulipunguza. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha na kuua, hupenya hata kwenye ngozi, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Msiichanganye jikoni, msiihifadhi kwenye chupa za maji ya kunywa, na msimwombe ndugu anayesafiri aibebe kwenye begi la ndege, kwa maana ni mzigo wa hatari.

#10 TupaLaini

Wa alaykum salaam. Chupa niliifungua mwezi wa pili, na nimeitumia mpaka sasa hivi, mwezi wa sita. Nimeagiza nyingine.

#11 BintiKerezo (Arusha)

Nimekuwa nikisoma bila kuandika, lakini sasa tumefika kwenye jambo ambalo nalijua kwa mikono yangu, kwa sababu ninakereza vyuma kwa riziki. Mmejadili digrii, mawimbi na hewa. Hakuna aliyeuliza jinsi slivu ilivyosagwa.

Injini hizi hazina ringi. Pistoni ni ya alumini, slivu ni ya shaba nyeupe au alumini iliyopakwa kromu, na tundu la slivu si sawasawa: juu ni jembamba kuliko chini. Injini ikiwa baridi, pistoni hubanwa kabisa inapokaribia juu na unasikia inalia ukiizungusha kwa mkono. Ikipata moto slivu hutanuka zaidi kule juu kuliko pistoni, na ndipo vinapoachana kwa kiasi kinachotakiwa tu. Mbano huo ndio uhai wote wa injini. Ukisaga ukingo wa mlango huku jiwe likizunguka kuelekea ndani ya tundu, unaibandua kromu, na kipande kidogo kuliko chembe ya chumvi kinatosha kumchora pistoni mstari mrefu. Jiwe lizunguke likitoka ndani kwenda nje, liwe la almasi, na ukingo umaliziwe kwa kulainishwa kidogo sana ili pistoni isikwaruzwe.

Injini yangu ya kwanza niliisaga vizuri kabisa kwa vipimo, kisha nikaisafisha kwa haraka. Vumbi la kusaga lilibaki kwenye beringi ya nyuma. Haikumaliza tangi la pili: joto lilipanda, nguvu ya chini ikatoweka, na sailensa ikawa haishikiki. Dalili hizo ndizo alizozieleza mleta mada. Nilipoifungua, mbano wa juu ulikuwa umekwisha na pistoni inapita kama iliyopakwa sabuni. Tangu siku hiyo naosha kila kipande kwa mafuta ya taa mara tatu, napuliza kwa hewa, na beringi ya nyuma naitoa kabisa kabla ya kugusa chochote.

Na krenki, mkuu, uliisaga kwa nini? Chuma kile kimefanywa kigumu kwa moto kwenye ngozi ya juu. Kikigeuka rangi ya samawati wakati wa kusaga, ugumu umeondoka. Ukiacha pembe kali kwenye dirisha, hapo ndipo ufa utakapoanzia.

#12 TupaLaini

Dada BintiKerezo, umenigusa panapouma. Nilisafisha kwa petroli mara moja na beringi sikuitoa. Krenki haikubadilika rangi, hilo nina hakika, lakini pembe sikuzilainisha. Nimetazama chini ya kichwa na kuona vitobo vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano, vingi vikiwa pembeni. Waya wa plagi umepoteza mng'ao na kuwa wa kijivu, ingawa haujakunjika.

#13 Digrii360 (Dodoma)

Vitobo vya pembeni na waya wa kijivu ni alama za moto unaowahi. Hapo shimu imejieleza yenyewe.

Ongeza na hili: kabla ya kufunga tena, pima nafasi iliyobaki kati ya pistoni na kichwa. Chukua waya laini wa solda, uingize kwenye tundu la plagi hadi ukutani, zungusha injini kwa mkono ipite juu mara moja, kisha upime unene wa waya uliobanwa. Kama ilikuwa milimita 0.5 na umetoa 0.2, umebakiwa na 0.3, na kwenye mizunguko 30,000 konrodi hunyooka na beringi hulegea kidogo. Sipendi nafasi hiyo hata kidogo.

#14 BintiKerezo (Arusha)

Naomba kutofautiana nawe kidogo. Moto unaowahi huacha vitobo, lakini hata chembe za vumbi la kusaga zikigongwa kati ya pistoni na kichwa huacha vitobo hivyohivyo. Tofauti huonekana kwa lenzi: vya chembe vina kingo kali na vimetawanyika ovyo, na vya moto vina kingo zilizoyeyuka. Picha za simu hazitoshi kuamua.

#15 Mlandege_Ulaya (Antwerp)

Habari za huko nyumbani. Nina mfano unaomuunga mkono mleta mada. Huku Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2021, mtu wa kawaida asiye na kibali haruhusiwi kuuziwa mafuta yenye nitromethini zaidi ya asilimia 16 kwa uzito, kwa sababu kemikali hiyo imo kwenye orodha ya zile zinazoweza kutengenezea vilipuzi. Nilishuka kutoka 25 hadi 16, na injini ikapoa na kuwa nzito. Nilitoa shimu ya milimita 0.1 tu, ikarudi hali yake. Maana yake ni kwamba nitro na shimu vinapingana: nitro ikipungua, shimu inatoka, nitro ikiwa 25, shimu inabaki. Mleta mada ametoa 0.2 akiwa bado na 25, kwa hiyo nashangaa kwamba plagi bado ina waya.

Kwa asiyejua kwa nini nitro ina nguvu: kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, methanoli kilo 6.5, na nitromethini 1.7 tu, kwa sababu inakuja na oksijeni yake. Silinda ileile yenye hewa ileile inaweza kuunguza mafuta mengi zaidi, ingawa kilo moja ya nitro ina nishati kidogo kuliko kilo ya petroli.

#16 MzeeWaMashua (Unguja)

Nimefurahi kujua hayo ya hewa na nitro. Nina swali la pembeni. Mjukuu ananiambia mafuta haya yana mafuta ya nyonyo ndani yake. Je, haya tunayokamua hapa hayafai? Miti ya mbarika imejaa.

#17 MwanaMaskati (Maskati, Oman)

Shikamoo Mzee. Mafuta ya nyonyo ndiyo hasa, kwa sababu huchanganyika na methanoli vizuri na huendelea kulainisha hata joto linapopanda kiasi cha kuyashinda mafuta mengi ya viwandani, ingawa huacha utando wa kahawia kwenye pistoni. Lakini yanayotumika kwenye injini yameondolewa utomvu na kuchujwa. Ya kukamua nyumbani yana utomvu unaoziba tundu la sindano, na sindano ikiziba mchanganyiko unakauka ghafla. Sishauri.

#18 GiaNdogo (Nairobi)

Kwa kuwa Mzee ameleta hadithi ya kale, nami niwakumbushe kwamba bomba lenye tumbo lilikomaa mikononi mwa Walter Kaaden, mhandisi wa pikipiki za MZ huko Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilifika nguvu ya farasi 25, na mnamo 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka akiwa mashindanoni Sweden, akaenda na maarifa hayo Suzuki. Kaaden alitafuta mlango, dirisha la kuingizia na bomba kwa pamoja, hakikuguswa kimoja bila kingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mleta mada amebadili theluthi mbili za kitu na kuiacha theluthi ya tatu.

#19 TupaLaini

Nimerudi na matokeo, na nimejaribu kubadili kitu kimoja kimoja kama mlivyonishauri.

Siku ya kwanza nilitumia chupa mpya ya mafuta na kifuniko kilichozibwa upya. Sailensa ilitulia zaidi, lakini haikupona kabisa. Joto lilibaki 133. Siku ya pili nilirudisha shimu ya 0.2 na kuweka plagi ya baridi zaidi. Joto lilishuka hadi 119, na kelele ya kugonga niliyokuwa sijaitambua kama kelele ikatoweka. Kuondoka bado ni kuzito. Siku ya tatu niliweka springi ngumu kwenye klachi: gari linaruka vizuri zaidi likishashika, lakini klachi yenyewe inapata moto. Siku ya nne nilipunguza tundu la kabureta kwa kuweka kipete cha milimita 6 badala ya 7, na hapo chini kumechangamka kuliko siku zote tangu nisage, ingawa juu nimepoteza kidogo. Chujio bado linalowa.

Nimetengeneza duara la digrii kwa karatasi ngumu na kupima dirisha la krenki. Linafunga digrii 68 baada ya pistoni kuwa juu.

#20 MzeeWaMashua (Unguja)

Kipete kimesaidia kwa sababu kimeongeza kasi ya mkondo, na mkondo wenye kasi hautemwi kirahisi. Hilo ndilo nililolisema tangu #4. Digrii 68 ni nyingi kwa injini inayotakiwa kuondoka kwenye mchanga, na chuma kilichokwisha kusagwa hakirudi. Tafuta krenki nyingine, mwanangu.

#21 Digrii360 (Dodoma)

Samahani Mzee, kipete kingesaidia vilevile hata kama kosa ni mlango wa ekzosi, kwa sababu mkondo wenye kasi huchambua mafuta vizuri zaidi na kuficha udhaifu wowote wa chini. Injini nilizozipima mimi hufunga kati ya digrii 50 na 60, kwa hiyo nakubali 68 ni nyingi, lakini mbili kati ya hizo zilikuwa na mlango wa ekzosi wa chini ya digrii 172 na zilivuta vizuri kwa kabureta kubwa. Mimi ningebadili slivu kwanza na kuiacha krenki. Joto tumelimaliza, na shimu ndiyo iliyolimaliza.

#22 KaburetaSafi (Mwanza)

Joto lilipungua siku ileile ulipobadili plagi na shimu kwa pamoja, kwa hiyo hata hilo halijulikani ni la nani. Na siku ya kwanza ulibadili mafuta na kuziba kifuniko kwa wakati mmoja. Rudisha plagi ya zamani uikimbize tangi moja.

#23 BintiKerezo (Arusha)

Kabla hujanunua krenki wala slivu, naomba kipimo kimoja. Injini ikiwa baridi kabisa, toa plagi, izungushe kwa kidole, na uangalie pistoni inaanza kubanwa ikiwa imebakiza milimita ngapi kufika juu. Injini nzima hubana mapema na kwa nguvu. Ikibanwa kwenye sehemu ya mwisho kabisa tu, au isipobanwa, kila mlichobishana humu kimejengwa juu ya pistoni iliyokwisha. Pima, kisha andika namba hapa.

#24 TupaLaini

Nitapima kesho asubuhi kabla jua halijaipasha moto, nami nitairudisha plagi ya zamani kama KaburetaSafi alivyosema. Dada, nitaleta namba.